Domomwiko wa Bwawa la Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu, na kwamba goti lako limetulia tangu uache kupanda ngazi za ofisini. Mimi sijambo, ila mafua, ambayo kwa mhudumu wa mabwawa ya maji taka ni rehema.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nimesimama, maana unasema umeomba likizo na Jumamosi unakuja na watoto kumwona yule ndege, domomwiko. Miaka minne niko hapa na hujawahi kuja. Sikulaumu, nani afunge safari kuja kunusa kazi ya mdogo wake?

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Alitua bwawa la tatu Jumapili asubuhi, nikiwa napima kina cha maji. Mweupe, miguu mirefu, mdomo bapa kama mwiko, anafagia nao majini kushoto na kulia. Nimezoea mabata na vitwitwi, lakini huyu sikuwahi kumwona ila kitabuni. Nilifurahi hata nikasahau kuandika kipimo.

Nikampigia simu muuguzi mstaafu anayewaongoza watazamaji wa ndege wa mjini. Kesho yake wakaja watu sita, na darubini zao, vigoda na chupa za chai. Wakaniuliza ndege anakula upande gani, analala wapi, na wakaandika nilichosema. Dada, tangu nihamie hapa hakuna mtu aliyewahi kuandika nilichosema.

Alhamisi alfajiri akaruka. Nilimwona kwa macho yangu akivuka ukuta. Wale watazamaji walipofika nikawaambia yuko nyuma ya matete, wasubiri kidogo. Ijumaa nikasema hivyo hivyo. Karibu wiki nzima walisubiri, nami nikikaa nao tunacheka, na fundi saa mmoja akanifundisha kumtambua mwewe kwa mkia. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumatano yule muuguzi alibaki nyuma, akakunja kigoda chake, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, aliondoka lini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo hajaja mtu, na chai nakunywa peke yangu.

Sasa hili ndilo gumu. Na wewe nimekudanganya. Barua ile niliyokuandikia kwamba anaonekana kila asubuhi, niliiandika siku tatu baada ya kuondoka kwake. Nilijua watoto wanapenda ndege, na nilijua watakuvuta mpaka uje. Nimeona haya sana, dada. Waambie ukweli kabla hamjapanda basi, wasije wakalilia hapa. Ukighairi sitanuna, ingawa godoro nimeshaazima kwa fundi bomba na chumba nimekipiga deki mara mbili.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwaombee radhi kwa niaba ya mjomba wao. Domomwiko hayupo, dada. Nipo mimi tu. Njooni hata hivyo.

Ndimi mdogo wako