Shati ya Djo na swali ya prof

Myriam, jibu!

Tulikuwa kwa terrasse ya bar, mu ville, na prof Adalbert, mwalimu wetu wa philosophie. Akatuuliza: kusadiki na kujua, ni kitu moja?

Mi mwenyewe njo nikaleta mufano, juu nilitaka kumuchoma ule Benita, mwenye anaangaliaka bwana yangu. Alikuwa hapo, na Fanta yake.

Nikasema: dimanche, siku ya kanisa, niliona shati ya bwana yangu Djo, ile tulishonesha mu pagne moja, kitenge moja, na robe yangu, inaingia mu nyumba ya Benita, kule Kampemba. Nikasadiki Djo iko kule. Kumbe ni Aaron, ndugu ya Benita, njo aliivaa! Djo alisema njo alimupatia hiyo shati. Nikacheka.

Benita akasema pole pole: "Mais Djo alikuwa ndani."

Alikuwa ndani! Mbele ya bantu bote!

Prof akapiga makofi: "Voilà! Ulisadiki, na ilikuwa kweli, mais haukujua! Ni chance tu, bahati!"

Nikamuuliza Benita: Aaron alipata shati wapi?

"Aliikuta kwetu kwa kiti, akaivaa kwenda butiki na kurudia. Djo aliivula."

KWA KITI, Myriam. Shati ya pagne yangu!

Prof anasema sikujua. Sasa njo najua.