Pensheni Uliyoamulia kwa Kinyozi

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha mwenyewe. ~~Usinitafute.~~ Nitafute ofisi ya pensheni.

Asubuhi hii kinyozi wako kanisimamisha njiani: “Hongera shemeji, mzee kakubali ushauri wangu, kaomba pensheni mapema.” Huna hata nywele, kumbe huko unakwenda kunyolewa akili. Ukianza kulipwa sasa, inakatwa maisha yako yote. Ukitangulia, mimi mjane napewa sehemu ya hiyohiyo iliyokatwa. Kwa hiyo uzee wangu kaupanga kinyozi, mkeo sikuulizwa.

Nimewapigia simu watu wa pensheni. Ombi linafutika leo tu, mradi ufike mwenyewe. Njoo na kitambulisho. Funga mlango wa nyuma. Nitakuwa benchi la mbele, na nitanuna mpaka utie saini.

Mkeo, ambaye hana haraka ya kuwa mjane