Vidonge Vilivyobaki

Njiro, Arusha

Mdogo wangu Saidi,

Hujambo na hiyo sura yako ya kuombaomba? Shemeji mzima? Watoto je, wanakula? Mimi nipo, nalinda nyumba ya tajiri inayojengwa. Wezi wa Njiro nzima wakinisikia nakohoa wanahama mtaa.

Umesema tumbo linakuunguza, nikutumie vidonge vyangu vilivyobaki. Sasa sikia habari ya vilivyobaki.

Daktari aliniambia tumbo lina utando ndani, kama plasta ukutani. Vidudu vimebandua wangu, uchachu unakula nyama yenyewe. Akanipa vidonge aina tatu, wiki mbili. "Mzee, umalize vyote." Siku ya sita nikapona! Nikatafuna pilipili kumi, mafundi wakanipigia makofi.

Mlinzi mwenzangu, Nanyaro, Mmeru wa Nkoaranga, naye alikuwa anajikunja hivyo hivyo. Nikawa namcheka: "Vipi bwana, una mimba?" Alikuwa aende hospitali Jumatatu. Sisi walinzi tunagawana kila kitu, sigara, sufuria, mpaka koti. Nikampa vilivyobaki. "Meza, ukijifungua mtoto umpe jina langu." Akameza, akapata nafuu, hospitali akaiacha.

Wiki ya tatu akatapika getini, kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Nikamwambia, "Umeiba kahawa ya bosi?" Hakucheka. Akafa tukiwa bado tunatafuta gari. Tajiri aliuliza neno moja tu: "Kesho nani analinda?"

Nikapanda mlimani kwao Nkoaranga kumzika. Mkewe akanishika mikono mbele ya watu wote. "Mzee huyu alimgawia mume wangu dawa yake mwenyewe. Mungu amlipe." Wakanifungia na mkungu wa ndizi. Nikaubeba begani mpaka Njiro, Saidi, sikula hata ndizi moja.

Ugonjwa wangu nao umerudi. Daktari kanifokea, kanipa dozi upya. Ninayo hapa mfukoni, yote, na hata kimoja sikupi, ulie usilie. Uza lile beberu lako, nenda hospitali, umeze mpaka cha mwisho hata mdomo ukiwa mchungu kama shubiri.

Nisalimie mama mdogo, na dada yetu mkubwa, na imamu aliyenifundisha kunyoa. Shemeji mwambie avifunge vidonge kwenye kanga yake, akusimamie ukimeza, maana wewe nakujua.

Ukifa siji kukuzika. Wallahi siji.

Kaka yako,
Ramadhani