Jiwe Lililomtaja Mjane wa Nyumba Yetu

Kijiji cha Heqiao,
Zhejiang.
14 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Boran,

Hujambo huko Penang? Mgongo umepoa? Wifi na watoto wazima? Sisi hatujambo, ila baridi imeanza, na goti langu lilijua kabla ya mtu yeyote. Kabichi ya chumvi nimeshaitia mtungini.

Sasa kaa kitako. Tumeshinda!

Unamkumbuka Mzee Tang Shouyi, mkuu wa ukoo wa Tang. Hekalu linakarabatiwa, naye akataka jina la ukoo wao peke yake likae juu ya mlango. Tukipinga, anatoa makala ya Bibi Hanneke, yule mtafiti Mholanzi anayechunguza jinsi matajiri wa enzi za wafalme walivyosaidiana na watawa wa Budha. Makala ilisema waliojenga ni akina Tang. "Hata Wazungu wanajua! Nyinyi akina Qiu mlikuwa wafagizi tu." Neno hilo limewauma wazee wetu mpaka kaburini.

Mwezi uliopita Bibi Hanneke akarudi. Aliingia jikoni mwa hekalu, ninakopika, kuomba maji ya moto. Nikamuuliza, "Mwanangu, hayo uliyoandika uliyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha nasaba cha akina Tang, mama."

Nikacheka. "Ukimuuliza mpishi kuhusu mchuzi wake, atakwambia ni mbaya?"

Nikamwonyesha jiwe la sakafuni, chini ya mitungi ya mchele. Mwaka tulipozibua mfereji nilipitisha mkono chini yake nikagusa herufi. Maandishi ya kale siyajui, lakini herufi ni herufi.

Wanaume sita walilipindua. Bibi Hanneke akaliosha, akabandika karatasi nyembamba iliyoloweshwa maji, akaipigapigia wino hadi herufi zikatokea nyeupe.

Uani kulifurika watu. Akamwomba Mzee Tang asome yeye, maana ndiye msomi wetu. Mzee akakohoa, akasoma: ardhi ya hekalu na nguzo zote za ukumbi zimetolewa na Mjane Shen wa nyumba ya Qiu, mwaka wa tisa wa enzi ya mfalme Wanli, yaani zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Hapo akaacha kusoma, akapangusa macho.

"Endelea, mzee, au moshi umekuingia machoni?" Shangazi Cuilan akamchokoza.

Akamalizia kwa shida: "Ameyaandika kwa heshima Tang Yunzhong." Babu yao mwenyewe, Boran! Kwa brashi yake!

Bibi Hanneke akasimama mbele ya wote. "Nilikosea," akasema. "Nilisoma vitabu vya wakubwa, sikuuliza jikoni. Nitaandika upya." Nilimheshimu mno, si kila msomi huweza kulitamka hilo hadharani.

Mzee Tang akaniinamia. "Dada, tumewadhulumu."

Jana ukumbi ulifunguliwa. Juu ya mlango limeandikwa jina la Mjane Shen, chini yake koo zote mbili. Mtawa mkuu alinikabidhi gogo la kugongea kengele: "Piga wewe, mama." Nikapiga mara tatu, mimi mpishi, na akina Tang na akina Qiu wakaingia pamoja kwa mlango mkubwa. Nililia, wala sikujificha.

Nisalimie wifi Liqing, na mwanao Weijun mwambie shangazi yake anamkumbuka. Shangazi Cuilan na Mjomba Depei wanakusalimu sana. Budha mwenye huruma awalinde, mlale salama na muamke salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,

Qiu Meizhen