Sketi ya Dada Tusekile

Jumanne, usiku.

Wacheke tu. Leo tena nimewaacha wavulana wenzangu wote mbioni kwenye kilima cha Msasani yetu ya milimani, si ile ya pwani, nimevaa sketi yangu ya netiboli. "Dada, tusubiri!" wanapiga kelele. Wanishike kwanza! Bukta inachubua mapaja, sketi inapepea.

Ilikuwa ya dada Tusekile. Tulipogawana nguo za marehemu hakuna aliyeitaka, nikaichukua mimi.

Lakini leo kulikuwa na ukungu. Mama, akitoka mgombani, akaniona kwa nyuma.

"Tusekile! Umerudi, mwanangu?"

Mimi mwenye mdomo kuliko wote... Ningeitika "naam", angejua ni mimi. Nikaitika "abee, mama", kama dada alivyoitika, nikakimbia bila kugeuka.

Naogopa kumwambia. Usiku huu ametukataza kufunga mlango.