Shetani Aliyempitia Kasiani

Mama Bushra, hivi shetani naye ana mguu wa kufika huku kwetu Chapwa?

Kikao cha wazee kimekwisha sasa hivi. Kasiani, mume wa mjukuu wangu Nesta, kaja kuomba msamaha na jogoo kwapani. Si alimpiga Nesta mpaka jino likang'oka! Eti, "Bibi, shetani alinipitia."

Nikamwambia, "Mume wangu, alikupitia wapi? Kilabuni ulikwenda kwa miguu yako."

Mchungaji aliyeongoza kikao akanikata jicho. Akasema Nesta arudi tu kwa mumewe, Mungu atamlinda.

Nilicheka, shoga! Mbele ya wazee wote nilicheka mpaka kilemba kikadondoka.

Nikasema, "Mchungaji, jino lilipotoka Mungu alikuwepo. Hakuushika mkono wa Kasiani, maana alishampa autumie atakavyo. Na Nesta naye kapewa akili, tumuulize."

Nilicheka kikaoni, mimi! Hata sasa siamini.

Wiki nzima yuko kwangu, namuuliza mtoto anataka nini, ananiangalia tu. Leo akafuta midomo kwa khanga, akamtazama mumewe usoni.

"Kwako sirudi, Kasiani. Nataka kukaa hapa kwa bibi."