Kwa Shangazi Anayekwenda Hija: Kuhusu Lile Gari la Plastiki

Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umri ni umri, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata kama roho haitaki. Neno "mpendwa" nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena nikalikata, mwisho nikaona bora nianze bila hilo kuliko kuanza na uongo. Barua hii siitii kwenye bahasha. Atakayeibeba aisome akipenda, na wewe ukitaka kusomewa mbele za watu, sina neno.

Mwanao Sefu alifika juzi. Alikaa kibarazani kwangu, akanywa chai yangu, akala vitumbua vyangu, kisha akafuta mafuta mdomoni na kunipa salamu zako: kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, unakwenda Makka, na unaomba radhi kwa jamaa na majirani kwa yale uliyowakosea kwa kujua na kwa kutokujua. Nikamuuliza kama kuna neno ulilompa la kwangu mimi hasa. Akasema hakuna, maneno ni hayo hayo kwa kila nyumba, na bado alikuwa hajapita kwa watu wa mtaa wa pili. Alitaka niseme tu "nimesamehe" aende zake, nikamwambia nitaandika.

Nilichefuka, Shangazi. Nilichefuka mpaka kile kikombe alichonywea nikakisugua kwa majivu. Mtu unapita nyumba hadi nyumba kukusanya misamaha kama anayekusanya vyombo vilivyoazimwa kwenye shughuli, na kwangu unatuma salamu zile zile unazompelekea jirani ambaye kuku wako alimlia mtama. Eti kwa kujua na kwa kutokujua. Yaani hata leo, na nguo za Hija zimeshashonwa, unataka nikusaidie kuchagua ni ipi kati ya hizo mbili.

Sitakunyima haki yako. Mama alipofariki, hata kutembea sikuwa nimeanza, na wewe ndiye uliyefunga mizigo yako ukahamia kwa kaka yako kunilea. Ulinisuka, ulinipikia uji wa mchele wenye iliki nilipougua, ulinikalisha mapajani chuo cha Kurani siku ya kwanza kwa sababu nilimwogopa mwalimu. Nilipoifungua saa ya mezani ya Baba nikashindwa kuirudisha, ni wewe uliyesimama mlangoni kuzuia fimbo. Ulimwambia, "Mwache, huyu ana mikono ya fundi." Nilikuwa natembea mjini nikijiona mtu kwa ajili ya maneno yako yale, na mpaka leo ninapofungua cherehani ya mtu iliyokwama huwa nayakumbuka, na natamani nisingeyakumbuka.

Na Baba, unakumbuka, alikuwa ameniahidi. Alisema mbele yako, tukiwa tunachambua mchele, kwamba yeye hataniozesha kama mbuzi. Atakayekuja kuposa ataambiwa asubiri, mimi nitaulizwa, na nikisema hapana basi ni hapana. Ulitikisa kichwa ukasema kaka yako ana mambo ya ajabu. Nilidhani unatania.

Kisha ukaja ule mwaka wa baada ya Uhuru. Baba alikwenda Kiwangwa kwenye mavuno ya mananasi, tukabaki wawili. Asubihi moja uliingia na boksi limefungwa kwa kamba ya katani, ukaniambia mkweo wa Dar amelipata kwa baharia na hana wa kumpa. Juu kulikuwa na picha ya gari la kizamani, lile la mataa makubwa ya mviringo, lenye tairi la akiba limepachikwa ubavuni na kikanyagio cha kupandia. Nikakuuliza kama tusimsubiri Baba kwanza. Ukasema, "Fungua, mwanangu, ni kitu cha kuchezea tu." Ulinikatia kamba kwa kisu chako mwenyewe.

Ndani vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki, na vyote vimekwishapakwa rangi huko huko vilikotoka: bodi rangi ya maziwa, madiga, vile vifuniko vya juu ya tairi, mekundu ya kuiva, mabampa yanang'aa kama fedha, hata viti vilikuwa na rangi ya ngozi. Uligeuza mlango mmoja mkononi, mdogo kuliko ukucha wako wa dole gumba, ukasema hawa watu wamemaliza kila kitu, wewe kazi yako ni kuunga tu. Tulicheka. Ninapokumbuka kicheko kile nahisi kama nimemeza nzi.

Gundi iliyokuja humo ilikuwa imekauka kabisa. Wewe ndiye uliyewaza ulimbo. Ukaenda kwa jirani ukachanja mfenesi wake, ukarudi na utomvu kwenye kopo, ukaupasha moto mpaka ukavutika. Wiki nzima tulikaa uani juu ya mkeka, mimi naunga, wewe unashikilia. Ulishikilia diga mpaka likashika, ukiimba kwa pua, usitikisike hata ulipowashwa shavu, nikakukuna mimi. Ulimbo ulituganda kila mahali. Siku moja ulining'ang'ania kwenye nywele ikabidi unikate kishungi, siku nyingine sisimizi walijaa kwenye injini tukawapuliza mmoja mmoja. Jioni ulikuwa unanishika mkono, unanipaka mafuta ya nazi kidole baada ya kidole, unasugua taratibu mpaka ulimbo wote unatoka. Ulikuwa unaniuliza kama naumia.

Sasa nikwambie kinachonitia kinyaa kuliko yote. Si mzee yule niliyeozwa kwake, wala si Pangani. Ni kwamba ile wiki niliipenda. Katika usichana wangu wote hakuna wiki niliyokuwa na furaha kama ile, na ulikuwa unanifunga huku unanipaka mafuta.

Usukani ulikuwa kipande cha mwisho. Nilipoupachika ulilibeba gari kwa mikono miwili ukaliweka kwenye shubaka la sebuleni, mahali pa bakuli la Mama la kichina, na lile bakuli ukalisogeza pembeni. Uliniambia niliache pale pale, Baba alikute. Ijumaa, kabla Baba hajarudi, waliingia wanawake watatu wa Pangani wamevaa mabuibui mapya, na siku zote nimejiuliza kwa nini sikushtuka. Hawakutazama mkeka wa kukalia wala hawakuniuliza hali. Walitazama shubaka. Mmoja akapiga kigelegele, na wewe ukamwitikia.

Desturi yetu wenyewe tunaijua, nani asiyeijua. Kishika uchumba kikiletwa huwekwa kando, hakiguswi, mpaka binti aulizwe. Akikataa hurudi kilivyokuja na hakuna aliyevunjiwa heshima. Lakini pete ikishavaliwa au kitambaa kikishakatwa, jibu limetoka, na kurudisha baada ya hapo ni kuwatukana watu. Ndiyo maana watu huleta pete, khanga, vitu ambavyo hata mtoto akiviona anajua ni nini. Mimi nililetewa gari vipande vipande, na kila kipande nilichokiunga kilikuwa kinasema ndiyo, na mimi mwenyewe sijui kwamba nimesema.

Baba aliingia bado ana udongo wa Kiwangwa miguuni. Wageni wakamweleza kwa adabu kwamba ndugu yao, yule mwenye biashara ya mbata, alituma kishika uchumba na wamefurahi kukiona kimepokelewa kwa mapenzi hivi. Baba aliniita, na nakumbuka alivyoshusha sauti. "Zainabu, hicho umekifungua wewe?" Nikasema ndiyo. "Na umekiunga kwa mikono yako, hakuna aliyekulazimisha?" Nikasema ndiyo, kwa mikono yangu. Ndipo nikaona uso wake ulivyobadilika, na ndipo nikaelewa. Nilikutazama wewe. Ulikuwa unapanga vikombe kwenye sinia.

Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa haya, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja useme. Neno lako moja lilikuwa linatosha: kwamba mtoto hakujua. Ukageuka ukawaambia wageni kwamba mwali akinyamaza ndiyo amekubali. Baba akainamisha kichwa akasema kilichoungwa hakirudi, na nadhani alidhani nimemficha jambo mimi mwanawe, maana siku nyingi baadaye hakunitazama usoni. Alikufa akiamini nilimtaka yule mzee.

Sitaki kuwachosha watu na habari za Pangani. Bwana yule hakunipiga, na Mungu amrehemu. Alikuwa amemzidi Baba umri. Nyumba yake ilinuka mbata mpaka kwenye mashuka, mpaka kwenye maji ya kunywa, harufu ile ya nazi iliyooza ikakaushwa juu ya kuoza kwake. Alikuwa anatafuna tambuu na kutema kwenye kopo chini ya kitanda, na kazi ya kulimwaga kopo lile ikawa yangu. Nikashika mimba ya kwanza nikitapika, watu wakasema ni mimba, na mimi nilijua ni kopo. Lile gari alilichukua akaliweka juu ya kabati kuonyesha wageni kwamba mkewe mdogo ni hodari. Joto la dari likaulainisha ulimbo, madiga yakadondoka, kisha milango, wakaingia sisimizi, nikalifagia lote pamoja nao.

Muda mrefu nilikutetea. Usishangae, nilikutetea. Nilijiambia labda na wewe ulidanganywa, labda kweli mkweo wa Dar ndiye aliyeleta boksi na watu wa Pangani wakamtumia bila wewe kujua. Nilikuwa nakuandikia salamu kila Idi. Nilipokuja Bagamoyo kumzika Baba nililala chumbani mwako, nikakuchana nywele.

Ni wifi yangu aliyenitoa usingizini, tena bila ubaya wowote. Nilikuwa nimekaa eda ya kaka yake, mimi na yeye tunashona, yeye akawa anakumbuka harusi yangu na kucheka. Akaniambia, "Sisi tulikuwa tumeshanunua pete na khanga. Shangazi yako ndiye aliyekataa. Alituma mtu aseme ukiziona tu utajua, na wewe ukiulizwa utakataa, basi tutafute kitu cha kuunga, maana mikono yako haiwezi kutulia." Aliendelea kushona. Hakujua ameniambia nini, na mimi sikumwonyesha, ila ile nguo niliishona upande wa ndani nje.

Kwa hiyo Sefu wako kuingizwa kwenye duka la bwana yule Pangani mwezi ule ule wa harusi yangu, kumbe haikuwa bahati. Na mikono yangu, Shangazi, ile uliyoisifu kwa Baba mlangoni, ulikwenda kuiuza kwa sifa zake zile zile. Nimeona watu wabaya, na nimemwaga kopo la tambuu miaka yote ile. Sijawahi kuona kitu kinachonichefua kama mtu anayekujua vizuri hivyo, akakutumia hivyo.

Sasa wanangu wamekua, nimerudi Bagamoyo, nashona na kutengeneza cherehani za watu, na nyumba yangu hainuki mbata. Bwana nimemsamehe. Alioa alichopewa. Baba nimemwombea sana, na nina uchungu naye kuliko hasira, kwa sababu aliniuliza kweli, tena maswali mawili, na yote mawili ukawa umeshayapangia majibu. Wewe ndiye uliyebaki. Nimejaribu kukuchukia moja kwa moja nikashindwa, maana kila nikianza vidole vyangu vinakumbuka mafuta ya nazi. Hilo nalo linanitia kinyaa, na ni juu yangu mwenyewe.

Sefu alisema watu wanakutazamia urudi Hajjati, na kwamba bila radhi za watu safari haina raha. Anasema kweli. Dhambi zako na Mungu ni zako na Mungu, naye ni mwingi wa rehema. Lakini hili la gari haliko kwake peke yake, liko kwangu, na huwezi kulipitisha juu ya kichwa changu kulipeleka Makka.

Sitaki tende wala maji ya zamzam, wala usinitumie Sefu tena. Njoo mwenyewe, mchana, ukae kibarazani watu wakipita, uniambie neno moja: nilijua. Usieleze kwa nini, na usilie. Ukishalisema tutaona mbele yake kuna nini, hata mimi sijui. Na kama huwezi, basi safiri salama, Shangazi, na mwili wako upate afya ya kufika na kurudi. Hilo naliomba kwa moyo.

Umeuliza kama nimesamehe. Mara ya kwanza nilipoulizwa jambo kubwa katika nyumba ile, wewe ndiye uliyejibu. Safari hii najibu mwenyewe, kwa mdomo wangu: bado.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea,
Zainabu